Regulata ya mitumba inamwaga hewa? Pima presha ya kati kabla hujagusa skrubu

Wazamiaji wanaonunua regulata iliyotumika, kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi majini, hukwama mahali pamoja. Regulata inavuja, mwenyewe anachukua ufunguo wa aleni, anabana hatua ya pili mpaka kelele ikome, kisha anaenda majini. Wiki mbili baadaye inavuja tena, na safari hii hata kuvuta pumzi kumekuwa kazi. Ugonjwa ulikuwa hatua ya kwanza tangu mwanzo, na dawa ikapakwa hatua ya pili.

Kinga yake ni mpangilio. Tazama, nyonya, pima presha, zamisha kwenye beseni, ndipo urekebishe. Kila kazi inategemea jibu la iliyotangulia, kwa hivyo usiruke.

Tuelewane kwa majina. Hatua ya kwanza ni kile kipande cha chuma kinachofungwa kwenye mtungi. Kazi yake ni kushusha presha ya mtungi, bar 200 au zaidi, hadi bar 9 au 10 hivi juu ya presha ya mahali ulipo. Hatua ya pili, au mdomo, ni ile inayokaa mdomoni; ya ziada ndiyo mdomo wa akiba. Presha iliyo ndani ya hosi baina ya hizo mbili ndiyo presha ya kati, na ndiyo kiini cha mwongozo huu.

Kuna mpaka pia. Kutazama, kupima, kusafisha, kubadilisha hosi, oringi za nje (pete za mpira za kuziba), kidomo cha kung'ata na pini ya geji ni kazi ya mwenye kifaa aliye makini. Kufungua mwili wa hatua ya kwanza, au kutoa siti (kipande laini kinachoziba njia ya hewa) ya hatua ya pili, ni kazi ya fundi aliyefunzwa kwa modeli hiyo. Siti iliyowekwa upande haikuonyeshi lolote ukiwa chumbani. Utajua ukiwa chini.

## Vitu vya kuandaa

- Mtungi uliojaa, bar 180 hadi 200, na mwingine uliobaki na bar 50 hivi. Utahitaji yote miwili.
- Geji ya presha ya kati, ya bar 0 hadi 20, inayochomekwa kwenye hosi ya jaketi la kuelea. Ukikosa kila kitu kingine, usikose hii. Kama yako inasoma psi, gawanya kwa 14.5: psi 135 ni bar 9.3.
- Spana ya 14 mm (au 9/16) kwa hosi za presha ndogo, ya 16 mm (au 5/8) kwa hosi ya geji, na spana malaya ndogo.
- Ufunguo wa aleni wa 4 mm au 5/32 kwa vizibo vya matundu.
- Kijiti cha plastiki au shaba cha kutolea oringi. Sindano na ncha ya kisu zinakwaruza chuma, na mkwaruzo mmoja unavujisha hata oringi mpya.
- Oringi za mpira wa naitrili: namba 011 kwa matundu ya presha ndogo, 012 kwa presha kubwa, 014 kwa uso wa valvu ya mtungi wa klampu, 112 kwa regulata nyingi za DIN (zinazoingia mtungini kwa skrubu badala ya klampu), na mbili ndogo za 001 kwa pini ya geji. Hakikisha na kitabu cha modeli yako.
- Grisi ya silikoni ya vifaa vya kuzamia.
- Beseni pana, rula, tochi, mswaki laini, kitambaa kisichotoa nyuzi, na kamba ndogo za plastiki za kufungia kidomo.
- Maji baridi, kwa maana ya yasiyo na chumvi.
- Daftari na kalamu.

Maji hayo yaangalie vizuri. Nyumba nyingi za Mombasa hutumia maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani na vya karibu na pwani vina chumvi. Yaonje kwanza. Yakikuacha na ladha ya chumvi ulimini, hayo ni ya kudekia tu. Nunua dumu la lita 20 la maji baridi kwa mwenye mkokoteni, linatosha kwa regulata mbili.

Kuhusu oringi: duka la vipuri vya haidroliki litakupa saizi sawasawa, lakini uliza ugumu. Oringi ya ugumu 70 ikiwekwa mahali palipotengenezewa ugumu 90 hubanwa na presha kubwa mpaka ikatoka kwenye nafasi yake.

Na tafadhali, mafuta ya nazi, vaselini na grisi ya gari yabaki mbali na meza hii. Mafuta ya petroli huvimbisha na kuozesha baadhi ya mipira. Kibaya zaidi, mafuta yoyote yanayowaka yakikutana na oksijeni nyingi kwa presha kubwa yanaweza kushika moto. Anayezamia kwa hewa iliyoongezwa oksijeni zaidi ya asilimia 40 anahitaji grisi maalumu ya oksijeni. Hata hiyo ya silikoni haimfai.

## Kazi ya 1: Itazame kabla hujalipa

Muuzaji atakwambia "hii imelala tu stoo". Kulala stoo si sifa. Regulata iliyolala miaka mitatu ina siti iliyokandamizwa na springi muda wote huo, mpira wake umechimbika alama ya duara, na huenda ikavuja kuliko ile inayozamishwa kila wiki.

Anza na chujio. Tazama ndani ya tundu linaloingia mtungini kwa tochi, utaona kipande kidogo cha chuma chenye vinyweleo, bapa au mfano wa pia. Rangi yake inakusimulia maisha ya kifaa:

- Kijivu au rangi ya fedha iliyofifia: salama.
- Kijani: maji ya bahari yaliingia, shaba imeanza kuliwa. Tegemea kutu ya kijani ndani pia.
- Nyekundu au kahawia: vumbi la kutu kutoka mtungi wa chuma.
- Nyeusi: unga wa makaa au mabaki ya mafuta kutoka kompresa mbovu. Inuse. Ikinuka mafuta, iache.
- Unga mweupe: mtungi wa alumini ulioingia unyevu.

Chujio la kijani halikatazi kununua, ila linabadilisha bei. Hesabu gharama ya kufunguliwa yote, kusafishwa na kuwekewa seti kamili ya vipuri, uiondoe kwenye bei unayoambiwa. Hapo ndipo swali kubwa linakuja: je, vipuri vya modeli hiyo bado vinapatikana? Andika jina la modeli na namba ya mfululizo, uulize fundi kabla ya kutoa pesa. Uliza pia kama modeli iliwahi kuitwa irudishwe na kiwanda. Regulata nzuri isiyo na siti mpya mahali popote ni pambo la ukutani.

Sasa hosi. Vuta nyuma vile vifuniko vya mpira vinavyolinda miisho, kwa sababu nyufa hujificha hapo. Pinda hosi taratibu karibu na chuma chake. Ukiona mistari kama ya udongo uliokauka, hosi hiyo imekwisha. Hosi za nyuzi zilizosukwa zichunguze kwa namna nyingine. Baadhi zina bomba la ndani ambalo joto na unyevu huligeuza likatoa chembe ngumu za njano, na chembe hizo huziba njia ya hewa. Nje hosi inang'aa kama mpya. Ifungue upande wa hatua ya pili, igonge juu ya karatasi nyeupe. Zikidondoka chembe, itupe.

Mwisho, matundu. Regulata nyingi za kisasa zina matundu ya presha kubwa ya inchi 7/16 na ya presha ndogo ya 3/8, na hayaingiliani. Za zamani sana zilikuwa na 3/8 pande zote mbili. Hosi ya jaketi ikifungwa kwa makosa kwenye presha kubwa, inapasuka mtungi ukifunguliwa. Kama huoni alama ya HP, yaani presha kubwa, kwenye tundu, usifunge chochote mpaka ujue.

## Kazi ya 2: Inyonye bila mtungi

Jaribio hili ni la bure na watu wengi hawalifanyi.

Kwanza mulika ndani ya kila kidomo. Mende na buibui wa stoo hupenda giza hilo.

Funga kifuniko cha vumbi kikaze kwenye hatua ya kwanza. Kama ni DIN, kifuniko kikilegea ziba kwa kidole gumba. Weka kidomo mdomoni, nyonya taratibu, kisha shikilia kwa sekunde kumi. Unyonyaji unavuta dayaframu, kile kiwambo cha mpira nyuma ya kifuniko cha mbele, dayaframu inasukuma wenzo, valvu inafunguka mpaka kwenye hosi. Ndiyo maana kifuniko lazima kizibe. Rudia kwa mdomo wa akiba.

Ikifaulu: hewa haiingii kabisa na ulimi unabaki umevutwa kwenye kidomo.

Ikishindwa: mahali hewa inapoingia, maji yataingia. Fuata mfuatano huu, ulioanza na kilicho rahisi:

1. Kidomo. Tafuta tundu chini ya kamba ya plastiki, ndipo meno na kamba hukata.
2. Valvu ya kutolea pumzi, ule mpira mwembamba mfano wa uyoga. Punje moja ya mchanga au unywele unatosha kuuinua. Osha kwa maji, usipake grisi. Ukingo wake ukiwa umejikunja, badilisha.
3. Dayaframu. Fungua kifuniko cha mbele, uone kama imekaa sawa kwenye mfereji wake. Ishike mbele ya tochi. Vitundu vidogo huonekana kama nyota.
4. Mwili wa plastiki. Nyufa hupendelea sehemu hosi inapoingia.

Regulata nyingi zinazodaiwa "zinaingiza maji, mbovu" huponea namba moja au mbili.

## Kazi ya 3: Pima presha ya kati

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chukua nafasi.

Kufunga. Hakikisha hatua ya pili angalau moja imeunganishwa kwenye hosi yake. Hiyo ndiyo mlango wa dharura. Presha ya kati ikipanda mno, hatua ya pili inajifungua na kumwaga, hosi haipasuki. Ukipima hatua ya kwanza peke yake umejifungia na bomu mezani. Chomeka geji ya presha ya kati kwenye hosi ya jaketi kabla ya kufungua mtungi. Kama hatua ya pili ina kitasa cha kurekebishia uzito wa kuvuta, kikaze ndani kwa sasa.

Kufungua. Laza geji ya mtungi kifudifudi, kioo chake kisitazame mtu. Geji ya zamani ikipasuka, hupasukia kioo. Fungua valvu polepole mpaka mwisho wake.

Kupima. Bonyeza kitufe cha kupuliza cha hatua ya pili mara kumi hadi kumi na tano, mibonyezo mifupi. Kisha acha. Tazama mshale.

Weka saa ya simu dakika kumi. Jaribio hili hushindwa kwa sababu moja kuu: mtu anatazama nusu dakika, mshale uko 9.4, anasema "iko sawa". Siti iliyochoka haikimbii, inatambaa. Dakika ya kwanza 9.4, ya tatu 9.9, ya sita 10.6, na ya tisa hatua ya pili inaanza kufanya "sss" ndogo. Hiyo "sss" ndiyo inayomfanya mtu achukue ufunguo wa aleni na kubana mahali pasipo na kosa.

Soma mshale hivi:

- Unasimama mara moja kati ya bar 8.5 na 10, na baada ya dakika kumi haujapanda zaidi ya bar 0.3. Hatua ya kwanza ni nzima. Kipimo halisi kimo kwenye kitabu cha modeli yako, hicho kina kauli ya mwisho.
- Unapanda kidogo, kama bar 0.2, kisha unatulia. Kawaida, hasa kwa siti mpya ambayo bado inakaa mahali pake.
- Unatambaa juu bila kusimama. Siti ya presha kubwa imechimbika, au kuna uchafu juu yake, au ukingo wa chuma unaokutana nayo umekwaruzwa. Ni kazi ya fundi. Hakuna skrubu inayoponya hili.
- Unasimama imara, lakini juu au chini ya kipimo cha kitabu. Siti ni nzima, marekebisho yamepotea. Kwa fundi ni kazi fupi.
- Ukibonyeza kitufe, mshale unaanguka bar 2 au zaidi na kurudi kwa uvivu. Hewa haipiti vya kutosha. Angalia kwanza kama valvu ya mtungi imefunguliwa yote, kisha shuku chujio lililoziba. Dalili hii huonekana pia kwenye geji ya mtungi: mshale unacheza juu na chini kila unapovuta pumzi. Ukiona hivyo, usizamie.

Kurudia. Funga mtungi, toa hewa yote, rudia na mtungi wa bar 50. Hatua ya kwanza iliyosawazishwa itakupa karibu namba ileile. Isiyosawazishwa, kama pistoni za bei nafuu wanazopendelea wakodishaji, presha yake ya kati hushuka kidogo mtungi unapopungua. Hilo ni umbile lake.

Andika namba zote mbili daftarini, pamoja na tarehe.

## Kazi ya 4: Izamishe kwenye beseni

Ikiwa na presha, zamisha hatua ya kwanza na hosi zote ndani ya maji baridi. Subiri povu za juu juu ziishe, kisha tazama kwa dakika mbili. Mahali povu linapotokea ndipo jibu lilipo.

*Kwenye maungio ya klampu na mtungi.* Hiyo ni oringi ya valvu ya mtungi, wala si regulata yako. Kwa DIN, oringi iko upande wa regulata.

*Kwenye shina la hosi.* Oringi 011 au 012. Toa hewa yote, fungua, safisha mfereji, paka grisi kiasi cha kung'arisha oringi tu. Ikionekana nyeupe umezidisha, na grisi iliyozidi hukusanya mchanga. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha robo ya zamu kwa spana fupi. Kinachoziba ni oringi, nguvu hazisaidii. Wanaokaza kama nati ya gurudumu hukata uzi wa shaba, na mwili wa hatua ya kwanza haushonwi.

*Kwenye shingo ya geji inapozunguka.* Oringi mbili za 001 zilizo kwenye pini. Shika kwa spana mbili, fungua, toa pini. Badilisha pini nzima na oringi zake, ni kitu cha bei ndogo na mara nyingi pini ya zamani imelika.

*Kwenye vitundu vya mwili wa hatua ya kwanza ya pistoni.* Oringi ya pistoni imechoka. Fundi.

*Katikati ya hosi.* Hosi haizibwi kwa gundi wala kwa utepe. Badilisha.

## Kazi ya 5: Sasa hatua ya pili

Ukifika hapa na presha ya kati iliyotulia, na bado mdomo mmoja unavuja, basi kosa ni la mdomo huo kweli. Kumbuka kanuni: ikivuja midomo yote miwili, shuku hatua ya kwanza. Ukivuja mmoja tu, shuku huo.

Pima uzito wa kuvuta kwa beseni na rula. Fungua kitasa mpaka mwisho, na kama kuna kiwiko cha kusaidia mvuto kiweke upande wa kabla ya kuzamia. Shika hatua ya pili kidomo kikitazama juu na kifuniko cha mbele kikitazama chini, bapa. Ishushe majini polepole, bila kuruhusu maji yaingie kidomoni. Maji yanasukuma dayaframu kutoka chini, na ghafla utasikia hewa inaanza. Simama hapo. Pima kutoka usawa wa maji hadi usawa wa dayaframu, iliyo nyuma tu ya kifuniko.

Sentimita 2.5 hadi 4 ni nzuri. Chini ya 2, mdomo ni mwepesi mno na utajimwagia kwenye mkondo. Zaidi ya 5, utachoka bure. Mdomo wa akiba uache uwe mzito kidogo kuliko wa kwanza, kwa kuwa unaning'inia bila mtu.

Ukihitaji kurekebisha, na modeli yako ina skrubu ya nje iliyokusudiwa mwenye kifaa, geuza sehemu ya nane ya zamu, pima tena, geuza tena. Tundu la hewa lililo ndani ya njia ya hosi liachie fundi. Likizungushwa huku limekandamizwa juu ya siti, ukingo wake hukata mpira kama kisu cha duara, na uvujaji mdogo unakuwa mkubwa wa kudumu. Ndiyo maana mafundi hubonyeza kitufe wanapoligeuza, ili siti iinuke.

Kumbuka pia: mdomo ukiutupa majini ukitazama juu, utamwaga hewa hata ukiwa mpya kabisa. Ugeuze utazame chini. Ukinyamaza, hauna ugonjwa.

## Ukimpelekea fundi

Nenda na daftari. Ukimwambia "inavuja" ataanza kubahatisha. Ukimwambia "presha ya kati inaanza 9.4, baada ya dakika tisa iko 11, midomo yote miwili inavuja", umempa nusu ya kazi.

Mwombe mambo matatu: atumie seti halisi ya vipuri vya modeli, akurudishie vipuri vya zamani ndani ya mfuko, na akuandikie presha ya kati kabla na baada. Fundi mwenye geji na vitabu hachukizwi na ombi hilo. Ikitokea anataka kulowesha kila kitu kwenye siki usiku kucha, chukua kifaa chako. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya uvuguvugu huondoa kutu ya kijani kwenye shaba yenye kromu kwa dakika tano hadi kumi. Zaidi ya hapo inaanza kula chuma chini ya kromu iliyochubuka. Alumini na mpira visiguse siki kabisa.

Watengenezaji wengi hutaka ukaguzi kila mwaka, na huduma kamili kila mwaka mmoja au miwili, au kwa idadi ya mbizi iliyoandikwa kitabuni. Ya mitumba isiyo na kumbukumbu ihesabu kuwa imeshachelewa.

## Kuosha na kuhifadhi kwenye joto la pwani

Osha regulata ikiwa bado kwenye mtungi na ina presha, ndiyo njia salama kuliko zote. Ikishatolewa, kausha kifuniko cha vumbi kwa kitambaa, kifunge, kisha loweka kwa dakika 20 hadi 30. Usipulize hewa ya mtungi kukausha kifuniko karibu na chujio. Unyevu unarushwa ndani.

Ikiwa ndani ya maji bila presha, usibonyeze kitufe cha kupuliza. Kitufe kinafungua valvu, maji yanapita kwenye hosi mpaka hatua ya kwanza, na miezi mitatu baadaye mtu anashangaa kutu imetoka wapi. Waambie na vijana wanaokusaidia kuosha vifaa, mkono wa mtoto hauachi kitufe.

Anika kivulini, ndani. Jua la juu ya paa hupasua hosi, na upepo wa baraza inayotazama bahari unarudisha chumvi uliyoiosha. Tundika kwa namna ambayo hosi hazikunjiki. Kama kitasa kipo, kifungue mpaka mwisho ili springi isikandamize siti.

Kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, bahari huchafuka na wengi hupumzika. Usiiache regulata bila kuiamsha miezi yote hiyo. Kila mwezi ifunge kwenye mtungi, puliza mara kadhaa, pima presha ya kati, irudishe.

## Jaribio la majini

Likamilike kwenye bwawa, au upande wa ndani wa mwamba kwenye maji ya mita mbili au tatu, ukiwa na mwenzako mwenye kifaa kizima. MV Dania, meli iliyozamishwa karibu na Mombasa mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki, imelala takriban mita 30. Kwa kina hicho presha ni bar 4, na kila pumzi inatumia hewa mara nne ya juu. Regulata ikimwaga huko, mtungi unakwisha kwa dakika chache. Hapo si mahali pa majaribio.

Kwenye maji mafupi, pumua dakika kumi kwa mdomo wa kwanza na tano kwa wa akiba. Lala chali, lala ubavu, kichwa chini. Ukivuta maji ukiwa ubavu wakati wima hapakuwa na kitu, rudi kwenye valvu ya kutolea pumzi. Mwenzako azunguke nyuma yako atazame hatua ya kwanza, huoni povu la kisogoni mwako.

## Ukurasa wa daftari

Kila kipimo mstari mmoja: tarehe, presha ya mtungi, presha ya kati mwanzoni, presha ya kati baada ya dakika kumi, sentimita za mdomo wa kwanza, za mdomo wa akiba, na kilichobadilishwa. Mfano:

*12 Machi. 200. 9.3. 9.4. 3. 4. Oringi 011 hosi ya jaketi.*
*10 Juni. 190. 9.3. 9.9. 3. 4. Hakuna.*

Mstari wa pili ni wa regulata ambayo bado haijavuja hata kidogo. Sikio halisikii kitu, mdomo unavuta vizuri, beseni halina povu. Ila kutoka 9.3 hadi 9.9 kwa dakika kumi ni siti iliyoanza kuchoka. Bahari bado imechafuka na kaskazi iko mbali, basi hiyo ndiyo wiki ya kumpelekea fundi.